Mvinyo kwenye Mchanga wa Romée

Sehemu ya Saba

Tulimwacha Aziza ndani ya mashua, chupa ya maji mkononi, macho yameganda kwenye kifundo cha mkono wa yule binti. Glavu nyeupe imevuliwa. Juu ya mshipa kuna alama ya moto, ndogo, yenye umbo la jani. Nyota, mtoto wa Aziza, aliunguzwa na mafuta ya kukaangia ndizi za makemba akiwa na miaka minne. Mkono uleule. Mahali palepale.

Wengi mmetuandikia mkitaka kujua kama chupa ilianguka.

Haikuanguka. Aziza alimimina maji mpaka glasi ikajaa, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka mezani. Ndipo akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia ya sokoni:

"Mademoiselle, ile alama ulipata wapi?"

Binti aliutazama mkono wake kana kwamba umeletwa sasa hivi.

"Hii? Pasi," akajibu, kwa Kiswahili cha watu wa mashariki, wa milimani. "Kwa masista. Kila siku ya posho, Jumamosi, tulikuwa napiga pasi nguo za altare. Pasi ya makaa. Sisi wote tuko nayo, mama."

"Wote?"

"Wasichana makumi ine. Ukitupanga mustari moja, utasema tulizaliwa na mama moja."

"Na jina yako?"

"Delphine."

"Tangu mutoto?"

"Tangu mutoto. Mama yangu alikufa Kindu, nikimushika mukono."

Basi. Si yeye.

Mwingine angelia. Mwingine angepiga magoti katikati ya mashua amwite Mungu kwa majina yote. Aziza alihisi kile alichokuwa akihisi tangu mwaka wa arobaini na tano, yaani hakuna kitu. Mnaujua mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaubana kwa vidole, unaona vidole vikibana, na mguu haujibu. Aziza alikuwa hivyo mwili mzima.

Akaenda kumjazia maji mgeni mwingine.

"Mesdames, messieurs!" Hilaire, mwongoza wageni, alikuwa amesimama mbele na bomba lake la bati la kupazia sauti mdomoni, tai imekazwa mpaka shingo imevimba. "Nyuma yetu, maporomoko ya Wagenia na mitego yao ya samaki! Mbele yetu, Yakusu! Halafu Romée, mji wa kale wa Waarabu! Na huko Romée, divai! Magiribi tunarudi Stanleyville."

Wageni sita wakapiga makofi kwa ajili ya mvinyo. Aliyepiga kwa nguvu zaidi ni Madame Goossens, mjane wa Brussels, aliyemchukua Delphine kwa masista ili amshikie mwavuli na kumsomea barua.

Aziza naye alipiga hesabu ya samaki wa kufunga kwenye majani. Neno Romée lilipita sikioni mwake likatoka upande wa pili. Alizaliwa Romée. Hakuwa amekanyaga huko kwa miaka kumi na moja.

*

Yakusu, wageni walishuka kutazama kanisa la matofali mekundu. Mvinyo haukufunguliwa. Wamisionari wa Yakusu ni watu wa chai.

Aziza alibaki nyuma ya mashua, kwenye jiko la makaa, akifunga maboke: samaki, pilipili, kitunguu, jani, kamba. La kwanza. La pili. La tatu.

Kivuli kikaangukia jiko. Delphine amerudi peke yake, kofia mkononi.

"Nimeambia Madame jua inaniumiza kichwa," akasema. "Mama, unisamehe. Uliniangalia kama mutu anaangalia mutu wake. Uko natafuta nani?"

"Nyota."

Delphine akakaa. Alikaa juu ya gunia la makaa na gauni lake jeupe, asione.

"Nyota wa nani?"

"Wa mimi. Wa Aziza binti Hemedi, Romée. Lori ilimubeba njiani ya mto, akiwa na ndoo kichwani. Mimi nilikuwa nimeenda mjini, soko. Kurudi, nikakuta ndoo."

Kwa msomaji aliyeanza nasi leo: baba wa Nyota alikuwa Monsieur Léon, bwana shamba wa Kibelgiji. Aziza alikaa nyumbani kwake miaka sita, akimpikia, akimtandikia, akimmiminia. Vita ilipokaribia kwisha Léon alipanda meli kwenda likizo na hakurudi. Na siku zile, mtoto wa mzungu na mwanamke mweusi hakuachwa akulie kwa mama yake. Serikali ilisema ni aibu. Lori lilikuja. Aziza akahamia mjini, na wa kwao aliyebaki kumwandikia ni dada mmoja tu, wa Basoko.

Delphine alikuwa amefumba macho.

"Anaogopa radi," akasema polepole. "Anaficha mukate chini ya muto, hata kama haiko na njaa. Na akilala anasaga meno."

Kisu cha Aziza kiliendelea na kitunguu.

"Kitanda yake ilikuwa pembeni ya yangu, mama. Miaka tisa, kwa maana mimi nililetwa nyuma yake, nikiwa mukubwa kidogo. Nyota yako minamujua kuliko minajua mwili yangu." Akafumbua macho. "Lakini Nyota, mama yake alikufa."

"Nani alisema?"

"Karatasi. Masista walitusomea. Mama: amekufa, Romée, ugonjwa ya malale. Kila mwezi ya kumi na moja Nyota alikuwa nawasha bougie, mushumaa, kwa ajili yako."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Bougie muzima?"

"Kipande, mama. Walitupatia vipande."

Aziza akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akakata jani jingine.

"Na sasa iko wapi?"

Delphine aligeuka kutazama kilima. Wageni walikuwa wanateremka, Hilaire mbele yao, bomba likimeta.

"Alitoroka," akanong'ona haraka. "Wiki tatu sasa. Polisi iko namutafuta mpaka Bukavu. Mimi peke yangu alinipa siri: anaenda kutafuta kaburi ya mama yake. Njo maana nilimusumbua Madame mpaka tukafanya hii safari. Yeye alitaka kwenda kuona tembo!"

"Mademoiselle Delphine!" Hilaire aliita. "Kichwa iko namna gani?"

"Imepona," akasema Delphine, akasimama. Nyuma ya gauni lake kulikuwa na duara jeusi la makaa, kubwa kama sahani.

*

Saa nane mashua ikagusa mchanga wa Romée.

Meza ilitandikwa kitambaa cheupe chini ya turubai. Bwana Abílio, Mreno mnene mwenye mashua, duka na mdomo usiochoka, akapanga chupa zake kama askari wa gwaride. Safari yote ilikuwa kwa ajili ya chupa hizo. Maporomoko ni ya Mungu na mji wa kale ni wa wazee, lakini mvinyo ulikuwa wake.

"Kwanza tunazungusha!" akasema. "Halafu tunanusa! Halafu tunaonja! Halafu, mabibi wanisamehe, tunatema!"

Vicheko. Ndoo ya kutemea ikapita. Mweupe wa kwanza ukapita, wakausifu. Mwekundu wa pili ukapita, wakausifu zaidi. Aziza akang'oa kizibo cha chupa ya tatu, akakipitisha chini ya pua bila kufikiri, kama Léon alivyomfundisha.

Gunia lililoloa. Ghala lenye panya.

"Patron," akasema chini chini. "Hii imekufa. Usiwape."

Abílio akageuka, uso mwekundu kuliko mvinyo wake. Kisha akaona wageni wanatazama, na mfanyabiashara ndani yake akaamka.

"Mmesikia?" akapaza sauti. "Mpishi wangu anasema divai yangu imekufa! Bon! Aonje mbele yenu, tuone!"

Hilaire akashtuka. Sheria iliyomkataza mtu mweusi pombe ya Ulaya ilikuwa imeondolewa juzijuzi tu, na koo za watu zilikuwa bado hazijaamini.

"Patron, hapana, ule ni mwanamuke wa kiislamu..."

"Aonje!"

Aziza akachukua glasi. Alizungusha. Alinusa. Alitia mvinyo kinywani, akauzungusha shavu la kulia, shavu la kushoto, macho yakitazama mto. Miaka sita alifanya hivi kila Jumapili mezani kwa Léon, naye Léon akimcheka na kumpenda, au akimcheka tu. Hakuwahi kujua.

Hapo ndipo wazee wa Romée walipotokea kwenye ukingo, kama ilivyopangwa na Hilaire: kanzu tatu nyeupe, kofia tatu, wakiteremka polepole kuja kuonyeshwa kwa wageni.

Wa mbele alikuwa Hemedi. Baba yake.

Akasimama. Bintiye, asiyemwona kwa miaka kumi na moja, yuko mbele yake na shavu limejaa pombe.

Kumeza? Kutema? Ukimeza umekunywa. Ukitema, umetemea mbele ya baba.

Aziza aliinamia ndoo akatema. Akajifuta mdomo.

"Imekufa," akamwambia Abílio. Kisha, kwa sauti ileile: "Shikamoo, Papa."

Mzee hakuitika.

Hilaire hakuelewa kitu. Alikuwa ameshainua bomba lake. "Mesdames, messieurs! Mzee Hemedi, mtu wa umri mkubwa kuliko wote Romée! Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu! Mzee, semea wageni namna mambo ya zamani ilikuwa."

Hemedi alimtazama Aziza, si wageni. Akaanza.

"Baba yangu alikuja hapa na watu wa bunduki, wakitoka Maniema. Hii muchanga munakanyaga, watu walifungwa juu yake, shingo kwa shingo, wakingojea kupelekwa. Usiwafiche, Hilaire. Waambie."

Hilaire akatafsiri. Kalamu za wageni zikakimbia kwenye vitabu vyao vidogo.

"Halafu wazungu wakakuja. Wakasema, kubeba mutoto ya mutu ni zambi kubwa. Tukasema, ni kweli, ni zambi. Tukatubu. Halafu wao wakakuja na lori."

Hilaire akakohoa. "Mzee anasema," akasema kwa Kifaransa, "kwamba wazungu walileta barabara na magari."

"Si vile alisema," ikasema sauti ya kike.

Delphine alikuwa amefunga mwavuli. Madame Goossens alibaki juani, mdomo wazi.

"Mademoiselle, donc, tafazali..."

"Amesema walikuja na lori kubeba watoto," akasema Delphine kwa Kifaransa safi cha masista, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye meza. "Mimi nilikuwa ndani ya lori kama ile. Endelea, papa. Nitawaambia mimi."

Na mzee akaendelea. Kila alichosema, Delphine alikisema nyuma yake, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi.

"Kule posta, kituo ya Serikali, walinipa karatasi. Walisema, kama mama iko muzima kutakuwa na kelele. Kama mama amekufa, mutoto ni yatima, masista wanamupokea vizuri. Walisema pia naweza kufungwa. Lakini sitajificha nyuma ya kufungwa. Nilikuwa na haya. Mujukuu rangi ya mukate, na hakuna ndoa, na musikitini watu wananyamaza nikiingia." Akainua dole gumba la kulia juu, wageni wote wakaliona. "Nilitia hiki. Nikamuua binti yangu kwa wino."

Delphine akatafsiri mpaka neno wino.

Hakuna aliyegusa glasi. Abílio mwenyewe akarudisha kizibo kwenye chupa iliyokufa.

Miaka kumi na moja Aziza alimchukia dereva wa lori. Alimjua kwa kofia na kwa masharubu. Usiku mwingi alimuua ndani ya kichwa. Kumbe dereva alikuwa anafuata karatasi.

Akatafuta hasira mahali ilipopaswa kuwa. Hakuikuta. Akaona tu kwamba kanzu ya baba yake ina kiraka begani, na aliyekishona hajui kushona.

"Papa," akasema. "Nani anakufulia?"

Uso wa mzee ukavunjika. Laiti angepigwa kofi, angesimama. Swali hilo lilimwangusha. Akakaa mchangani, wazee wenzake wakamshika mikono.

"Aziza," akasema. "Kuna kitu kingine. Siku ya ine ya hii juma, musichana alikuja na pirogi, mutumbwi ya kukodi. Iko na karatasi yenye jina yako. Hakujua Kiswahili hata neno moja. Mwalimu ya shule njo alisema naye. Aliomba kaburi ya Aziza binti Hemedi."

Delphine akafunika mdomo kwa mkono.

"Ulimwambia nini?" akauliza Aziza.

"Ningesema nini? Kwamba mimi ni muongo? Kwamba babu yake..."

"Papa. Ulimwambia nini?"

"Nilimuonyesha kaburi."

Upepo wa mto ukainua kitambaa cha meza, glasi moja ikalala.

"Na sasa iko wapi?"

"Palepale," akasema mzee. "Nyuma ya michikichi. Hatoki. Tunamupelekea ugali, anakula, anasema merci, anabaki."

"Mashua inaondoka nusu saa!" Hilaire akapiga kelele, tai imelegea. "Mama Aziza! Maboke! Wageni hawajakula!"

Aziza aliifungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani kando ya chupa iliyokufa. Akapanda ukingo.

*

Hakukimbia. Miguu ilikwenda, naye akaifuata. Alipita shule, alipita msikiti, alipita nyumba ambayo mlango wake alikuwa akiufunga kila jioni akiwa mtoto. Watu walitoka vibarazani. Mwanamke mmoja alimtambua, akaanguka chini kwa yowe, "Maiti! Maiti inatembea!" Aziza akamsalimu akapita.

Nyuma ya michikichi, makaburi ya Romée yamepangwa kuelekea kibla, vilima vidogo vya udongo mwekundu. Mbele ya kimojawapo ameketi msichana, mgongo kwake, magoti yamekumbatiwa. Viatu vya masista viko pembeni, vimepangwa pamoja, kisigino kwa kisigino. Mkononi ana kipande cha mkate.

Aziza akasimama hatua tano.

"Nyota."

Msichana akageuka. Pua ilikuwa ya Léon. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya Romée.

"Mimi njo mama yako," akasema Aziza.

"Pardon, madame," akajibu msichana kwa upole. "Je ne comprends pas."

Hakuelewa. Kiswahili alichobebwa nacho ndani ya lori, akiwa na miaka mitano, kilikuwa kimepigwa pasi mpaka kikaisha.

Aziza akatafuta Kifaransa. Alichimba ndani ya kichwa, na kila alichokitoa kilikuwa cha mezani. Rouge. Blanc. Encore un peu. Monsieur est servi. Miaka sita ndani ya nyumba ya mzungu, na hakuna siku aliyofundishwa kusema kwa lugha hiyo neno ambalo halibebwi juu ya sinia.

Akaweka kiganja kifuani.

"Aziza," akasema. "Aziza. Romée. Mama. Maman."

Hilo la mwisho lilifika. Msichana akaruka, akarudi nyuma mpaka akawa upande wa pili wa kilima cha udongo. Mkate ukaanguka. Akatikisa kichwa, mara moja, mara mbili, akanyoosha kidole: kwanza kwenye ubao uliosimikwa kichwani mwa kaburi, kisha chini, ardhini.

"Non. Maman est là."

Aziza hakujua kusoma, lakini jina lake alilijua. Herufi tano za kwanza zilikuwa zake. Akapiga hatua kulikaribia. Akachuchumaa.

Ubao ulikuwa mzee. Mchwa walikuwa wamekula upande mmoja, kuvu la kijani limepanda mpaka kwenye herufi. Mtu hachongi ubao wa namna hii Alhamisi moja ili kumdanganya mgeni. Na kilima chenyewe kilikuwa kimezama katikati, kama vinavyozama vilima ambavyo chini yake kuna mtu.

"Papa aliniandikia kaburi zamani," akasema kwa sauti, peke yake. Akaweka mkono juu ya udongo.

"Toka pale!"

Mzee Hemedi alikuwa amefika, anahema, ameegemea bega la Delphine. Hakuwa akimtazama mjukuu. Alikuwa akiutazama mkono wa Aziza.

"Toa mukono, Aziza. Karatasi ya Serikali ilitaka maiti, bwana ya posta alikuja kuangalia kwa macho yake. Na siku ile, ndani ya nyumba yangu, maiti ilikuwako." Pumzi ikamkatika. "Pale analala dada yako. Zaina."

Delphine alianza kumtafsiria Nyota, kisha akaacha, kwa sababu Aziza alikuwa amesimama na kutia mkono ndani ya blauzi.

Akatoa barua iliyokunjwa. Imechafuka kidogo tu, kwa maana ilikuwa mpya. Ilikuja na meli kutoka Basoko siku ya kwanza ya juma hili, kama zilivyokuja nyingine kila mwaka kwa miaka kumi na moja, na Hilaire, mwenye kujua kusoma, alikuwa amemsomea.

Ilikuwa imetiwa sahihi: *Dada yako, Zaina.*